Hesabu ya Chembe: Juu ya Uzee na Tamaa ya Kuishi Milele

Tarehe 17 Januari, 1912, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, tabibu wa Kifaransa aitwaye Alexis Carrel, ambaye mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa ustadi wake wa kushona mishipa ya damu, alikata kipande kidogo cha moyo wa kifaranga aliyekuwa bado ndani ya yai, akakitia katika chombo cha kioo, akakilisha utegili wa damu na rojo iliyokamuliwa katika vifaranga wengine, na baadaye akautangazia ulimwengu kwamba nyama ile, maadamu inaoshwa taka zake na kupewa chakula chake kwa wakati, haikuwa na sababu yoyote ya kufa. Miezi ikapita, miaka ikapita, kuku wa rika lake wote wakafa na kusahauliwa, na nyama ile ilikuwa ingali ikikua. Magazeti yakawa yanauliza hali yake mwaka hadi mwaka kama watu waulizavyo hali ya mkongwe mashuhuri. Carrel mwenyewe akafariki Novemba 1944, na nyama yake ikaishi baada yake miaka miwili, mpaka wasaidizi wake walipoona kuwa imetosha wakaitupa mwaka 1946.

Kutoka katika chombo kile kidogo ilizaliwa itikadi kubwa. Kwa muda wa karibu miaka hamsini wanazuoni wa elimu ya viumbe waliamini na kufundisha kwamba chembe hai, au seli kama inavyoitwa shuleni, kwa asili yake haina ajali iliyoandikiwa. Kwamba uzee ni msiba wa mwili mzima, utokanao na taka za damu na msongamano wa viungo, wala haumo katika hulka ya chembe yenyewe. Na kwamba mtafiti ambaye chembe zilimfia mikononi alipaswa kujilaumu kwa uchafu wa vyombo vyake au kwa kasoro ya chakula alichozipa. Itikadi hiyo ilipokewa kwa urahisi kwa sababu ilileta habari njema, na binadamu tangu dahari hajakosa masikio ya habari za namna hiyo. Mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanachuoni mwenye heshima kubwa mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 72, alijidunga sindano za maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, akawaeleza wenzake kwamba nguvu zake zimemrudia. Hakuuvuka mwaka 1894. Elie Metchnikoff, mmoja wa waasisi wa elimu ya kinga ya mwili, aliweka matumaini yake katika maziwa ya mgando, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Baada yake Serge Voronoff alipandikiza vipande vya korodani za nyani katika miili ya matajiri wa Ulaya. Siwataji kwa kuwadhihaki, maana walikuwa watu wa elimu na bidii. Nawataja kwa kuwa makosa yao yalikuwa na shina moja, nalo ni kudhani kwamba uzee ni upungufu wa kitu fulani ambacho kikitiwa mwilini kutoka nje, ujana hurejea. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa na hadhari kuliko wao: katika kitabu chake cha Kanuni alifundisha kwamba mwili huzaliwa na rutuba ya asili ikaukayo siku baada ya siku, na kwamba kazi ya tabibu ni kuilinda isikauke kabla ya wakati wake, kwa kuwa kumwepusha mtu na mauti hakumo katika uwezo wa utabibu.

Aliyeivunja itikadi ya Carrel alikuwa Leonard Hayflick, kijana wa Philadelphia aliyeajiriwa katika Taasisi ya Wistar awapatie watafiti wengine chembe za kufanyia kazi zao. Kazi aliyoifanya inafaa itazamwe kwa karibu, kwani hukumu yote imo ndani yake. Chembe zilizotoka katika mapafu ya vijusi vya binadamu hutiwa katika chupa bapa ya kioo pamoja na maji ya chakula yenye rangi ya waridi. Huzama, hujishikiza chini ya kioo, hunyoosha miili yao myembamba na kujigawa, na kwa kadiri zinavyokula ndivyo maji yale yanavyopata uchachu na rangi yake inavyogeuka kuwa manjano. Zikiisha kukifunika kioo chote husimama. Hapo mtafiti huzibandua kwa kimeng'enya, huzigawa mafungu mawili katika chupa mbili, huzipa maji mapya, na chupa zote mbili hujaa tena; huo huhesabiwa kuwa mgao mmoja. Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, ambaye alikuwa hodari wa kuzisoma kromosomu, waliendelea hivyo juma baada ya juma, na kwa miezi mingi chupa zao zilijaa bila ya taksiri. Kisha zilipoukaribia mgao wa 50, rangi ya maji ikaanza kuchelewa kugeuka, chembe zikavimba na kutanda ovyo, na hatimaye maji yakabaki na uwaridi wake hata yakiachwa majuma kadhaa. Chembe hazikuwa zimekufa. Zilikuwa hai, zikila kidogo na kupumua, ila zilikuwa zimeacha kuzaliana.

Mtu mwingine angejilaumu, kama itikadi ilivyomtaka ajilaumu. Hayflick alichanganya katika chupa moja chembe za mwanamume zilizokuwa zimekwisha kugawanyika mara nyingi na chembe za mwanamke zilizokuwa bado changa, akazilisha maji yaleyale, mahali palepale, kwa mikono ileile. Na zilipotimia siku ambazo chupa ya chembe za mwanamume peke yake ilikoma, aliifungua ile yenye mchanganyiko, akazitazama kromosomu zake, akakuta waliobaki ni wanawake watupu. Ingalikuwa sumu katika chakula au kirusi kilichojificha, kingalizipata zote kwa pamoja. Ilikuwa bayana basi kwamba kila chembe hubeba hesabu yake ndani yake. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa, kwa kuwa lilishika mafundisho ya zamani. Ilitoka katika jarida jingine mwaka 1961, na watu wakaanza kujiuliza yale ya Carrel yalikuwa nini hasa. Dhana iliyokubaliwa na wengi ni kwamba ile rojo ya vifaranga aliyoilisha nyama yake ilikuwa ikiingiza chembe changa kila ilipomiminwa, hata chombo kikawa kinapokea wageni wakati wote na kuwahesabu kuwa wenyeji. La ajabu kuliko yote ni kwamba chembe zilizogandishwa katika baridi kali zikiwa zimekwisha kupita nusu ya safari, zikiyeyushwa baada ya miaka mingi huendelea kuanzia pale zilipoachia na kuimaliza nusu iliyobaki. Hazihesabu miaka, huhesabu migao.

Hesabu hiyo imeandikwa wapi? Jibu la kwanza lilitoka Moscow mwaka 1971, ambako Alexey Olovnikov, akiwa amesimama katika stesheni ya reli ya chini ya ardhi na kutafakari habari za Hayflick, aliona kwamba kimeng'enya kinachonakili uzi wa DNA kinafanana na behewa linalotengeneza nakala ya reli linayopita: sehemu ya reli iliyo chini ya behewa lenyewe wakati wa kuanza safari haiwezi kunakiliwa, na kwa hiyo nakala sharti iwe fupi kuliko asili yake kwa kila safari. Ikiwa ndivyo, ncha za kromosomu hukatika kidogo kila chembe inapojigawa. Ukweli wa jambo hilo ulithibitishwa kwa njia ambayo mimi huiona kuwa mojawapo ya fahari za sayansi, maana ulipatikana katika kijidudu cha maji ya bwawa ambacho watu wa kawaida hawakuwa na haja nacho. Elizabeth Blackburn, akifanya kazi pamoja na Joseph Gall, alizisoma ncha za kromosomu za kijidudu hicho na kuchapisha matokeo mwaka 1978: zilikuwa herufi zilezile chache za kemia zikirudiwa tena na tena bila ya kubeba habari yoyote. Ncha hizo huitwa telomea, na za binadamu hurudia herufi sita, TTAGGG, maelfu ya mara. Siku ya Krismasi ya mwaka 1984, mwanafunzi wake Carol Greider aliingia maabara huko Berkeley akaona katika picha yake ya eksirei alama za kimeng'enya kinachoweza kuzirefusha telomea zilizokatika. Kiliitwa telomerasi, na wanawake hao wawili pamoja na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2009. Katika mwili wa mtu mzima chembe nyingi zimekizima kimeng'enya hicho. Mwaka 1998 watafiti walipokiwasha katika chembe za kawaida za binadamu zilizo katika chupa, chembe hizo zilipita kikomo cha Hayflick na kuendelea kwa afya njema.

Habari hiyo iliwafanya watu wengi waamini kwamba ufunguo umepatikana na kwamba kilichobaki ni kuutia katika kidonge. Lakini chembe za binadamu zisizokufa zilikuwa zimekwisha kupatikana miaka kumi kabla ya Hayflick kuchapisha makala yake, na zilipatikana katika mwili wa mwanamke aliyekuwa akifa. Mapema mwaka 1951 Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliingia katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akiwa na uvimbe katika mlango wa uzazi. Kipande cha uvimbe huo kilichukuliwa bila ya kuombwa idhini yake, kikapelekwa katika maabara ya George Gey, na huko, mahali ambapo chembe za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa baada ya siku chache, zake zilizaliana na kuwa maradufu kwa muda wa takriban saa 24, wala hazijakoma hadi hivi leo. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba, 1951, akiwa na miaka 31. Chembe zake zilisambazwa katika maabara za dunia nzima kwa jina la HeLa, zikatumika kuipima chanjo ya polio na katika mambo mengine mengi ambayo yaliwapatia watu wengine heshima na mali, ilhali watoto wake hawakuwa na habari mpaka miaka ya 1970. Nasema wazi kwamba alidhulumiwa, na kwamba mtu asomaye juu ya kutokufa kwa chembe bila ya kulijua jina la mama huyu amesoma nusu ya habari.

Baadaye ilifahamika jinsi chembe hizo zilivyopata umilele wao. Kirusi kiitwacho HPV cha aina ya 18 kilikuwa kimejipachika katika kromosomu zake, na protini zake kikazitumia kuwanyamazisha walinzi wawili wakubwa wa chembe, mmoja wao akiwa protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia isijigawe chembe yenye hitilafu au kuiamuru ijiue. Na telomerasi, iliyopasa kuwa imelala, ikaamka. Haya hayakuwa ya Henrietta Lacks peke yake. Katika saratani tisa kati ya kumi, au karibu na hapo, telomerasi hukutwa imewaka. Hapa ndipo ilipo hoja ninayotaka kuisimamisha: kikomo kile alichokiona Hayflick ni ulinzi ambao maumbile yameuweka dhidi ya chembe iasiyo, na sehemu kubwa ya uzee wetu ni gharama ya ulinzi huo, kwa hiyo anayetuahidi kuuondoa uzee sharti kwanza atuonyeshe atafanya nini na saratani.

Ushahidi wa hoja hii ni wa pande mbili. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza habari za panya ambao p53 yao ilikuwa kali kuliko ya kawaida: saratani karibu haikuwagusa, lakini mifupa yao ilidhoofu, ngozi ikawa nyembamba, vidonda vikachelewa kupona, na wakafa mapema kuliko ndugu zao. Upande wa pili ulidhihirika kwa wanadamu. Watoto wanaozaliwa na telomea fupi mno, uboho wao hushindwa kutengeneza damu ya kutosha wakingali na umri mdogo. Na mwaka 2023 madaktari wa Johns Hopkins, hospitali ileile ya Henrietta Lacks, walichapisha habari za watu wa familia chache ambao, kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo POT1, telomea zao ni ndefu kupita kiasi. Kwa maneno ya wauza dawa za ujana, hao wangekuwa na sudi kuliko watu wote. Wengi wao walikutwa na uvimbe wa namna mbalimbali, mwingine usio na madhara makubwa na mwingine wa saratani, katika tezi ya shingo, katika ngozi na katika damu.

Kwa nini maumbile yakubali mapatano magumu kama hayo? Peter Medawar alilijibu swali hili London mwaka 1951, na George Williams akaliongezea mwaka 1957. Kwa karne zisizohesabika babu zetu wengi waliuawa na njaa, na homa, na simba, na uzazi, kabla ya kuona mvi. Kasoro iliyojitokeza katika umri wa miaka 80 haikuweza kuchujwa na uteuzi wa maumbile, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuzaa na wengi wao wamekwisha kufa. Na jeni yenye kumfaa kijana ilirithiwa kizazi hata kizazi ijapokuwa ilimdhuru mzee. Uzee basi haukuamriwa na mtu wala haukukusudiwa. Ni eneo ambalo uteuzi wa maumbile haukufika.

Hata hivyo ingekuwa kosa kubwa kuufanya uzee wote kuwa habari ya telomea, kosa ambalo magazeti hulirudia kila mara. Viungo ambavyo kuchakaa kwake hutuua aghalabu si vile vyenye chembe zinazojigawa sana. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden, wakitumia kaboni ya mionzi iliyoenezwa angani na majaribio ya mabomu ya atomiki, walionyesha kwamba chembe za neva katika gamba la ubongo zina umri uleule wa mwenyewe. Na mwaka 2009 walionyesha kwamba katika misuli ya moyo wa kijana wa miaka 25 ni asilimia moja tu ya chembe inayofanywa upya kwa mwaka, na kwamba kiasi hicho hupungua kufikia nusu yake uzeeni. Litazame jicho la bibi wa miaka 75. Lenzi yake ina kiini kilichotengenezwa yeye akiwa tumboni mwa mama yake, na protini za kiini hicho hazijapata kubadilishwa hata moja. Zimepigwa na nuru ya miaka yote hiyo, zimeshikana, zimepata rangi ya manjano kisha ya kahawia, mpaka siku moja anashindwa kuutambua uso wa mjukuu wake aliyesimama mlangoni, na jirani anasema ana mtoto wa jicho. Hapo hapana hesabu ya migao wala telomea iliyokatika, na telomerasi ya dunia nzima haitausafisha ukungu ule. Mganga huitoa lenzi na kuweka ya bandia, na kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi kuliko safari ya bibi kutoka kijijini kwenda hospitali ya mkoa.

Katika miaka ya karibuni matumaini yamehamia kwa Shinya Yamanaka wa Kyoto, ambaye mwaka 2006 alionyesha kwamba jeni nne zikiwashwa katika chembe ya ngozi ya panya, chembe hiyo husahau kazi yake na kurudi katika hali ya kijusi. Ugunduzi huo ni mkubwa na Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2012 aliistahili. Matajiri wakauona, na mwaka 2022 ikazinduliwa kampuni moja ya Marekani, Altos Labs, kwa mtaji wa dola bilioni 3, ili kutafuta namna ya kuzirudisha chembe nyuma kidogo bila ya kuzifikisha utotoni kabisa. Kazi zao nazifuatilia kwa hamu, wala siwatilii nia yao shaka. Lakini jeni mojawapo katika zile nne ni c-Myc, ambayo imejulikana kwa muda mrefu kuwa chanzo cha saratani. Na mwaka 2013 watafiti wa Madrid walipoziwasha zote nne katika miili ya panya wazima, panya hao waliota uvimbe wa ajabu wenye tishu za kila namna ndani yake. Mwaka 2016 maabara ya Juan Carlos Izpisua Belmonte, huko California, ilipata njia ya tahadhari zaidi: jeni ziliwashwa kwa siku chache na kuzimwa kwa siku chache, na panya wenye maradhi ya kuzeeka upesi wakaishi zaidi bila ya uvimbe huo. Mlango uleule tunarudi kuubisha: ukiirudishia chembe uhuru wa utoto, umeirudishia na uhuru wa kuasi, na ujuzi wote umo katika kuipa mmoja na kuinyima wa pili.

Tuseme jambo hilo limewezekana. Je, mtu atakuwa hafi? Benjamin Gompertz, mwanahesabu wa bima mjini London, alionyesha mwaka 1825 kwamba hatari ya kufa huongezeka ukubwani kwa kanuni thabiti, na kwa hesabu za siku hizi huwa maradufu kwa kila miaka minane hivi. Kuuondoa uzee maana yake ni kuusimamisha mstari huo usipande. Mtu asiyezeeka, ambaye hatari yake ya kufa kwa ajali, maradhi ya kuambukiza au mkono wa mwenziwe ni moja katika elfu kwa mwaka, atakuwa bado anakufa: katika watu kama yeye nusu watakuwa wamekwisha kuondoka katika muda wa miaka 700 hivi, na waliosalia watafuata kwa mwendo huohuo. Kutozeeka na kutokufa ni mambo mawili, na wauzao la pili kwa jina la kwanza wanawadanganya wanunuzi. Huu hapa ushahidi wa macho: Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alifariki tarehe 4 Agosti, 1997, akiwa na miaka 122, na tangu siku hiyo, licha ya mabilioni ya watu na maendeleo yote ya utabibu, umri huo haujafikiwa na mtu mwingine.

Miaka ambayo binadamu ameongezewa kweli imetoka mahali pengine, na kwetu Afrika Mashariki inafaa isemwe kwa sauti: katika maji safi, wakunga waliofundishwa, vyandarua na chanjo. Katika chembe za Henrietta Lacks kilikutwa kirusi kilekile ambacho Harald zur Hausen wa Ujerumani alikionyesha kuwa chanzo cha saratani ya mlango wa uzazi, na elimu hiyo ikazaa chanjo ambayo Rwanda iliianza mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019, wasichana wakidungwa bure wakiwa bado shuleni. Binti wa Mbeya au wa Kisumu aliyenyoosha mkono wake na kupata sindano hiyo amepewa, kwa gharama ndogo, sehemu ya miaka aliyonyimwa mama yule wa Baltimore. Iwapo ningeulizwa fedha za serikali zetu ziende wapi kwanza, nisingesita.

Lakini haifai nionekane kuwa nawafungia vijana wa sayansi njia ya kwenda mbele, kwa sababu mifano ya viumbe waliopatana na maumbile kwa masharti nafuu kuliko yetu ipo, na miwili iko katika ardhi yetu. Tembo ana chembe nyingi mno kuliko binadamu, na kila chembe ingeweza kuasi. Kwa hesabu tu angepaswa kufa kwa saratani angali mtoto, naye huishi miaka 60 na zaidi. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba anazo nakala 20 za jeni ya p53 ambapo sisi tunayo moja, na kwamba chembe zake zikijeruhiwa hujiua upesi kuliko kujaribu bahati ya kujitengeneza. Wa pili ni fuko asiye na manyoya wa nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, mnyama mdogo wa gramu 35 hivi, mwenye ngozi ya mikunjo na meno yaliyotoka nje ya midomo, ambaye huishi chini ya ardhi kwa makundi yenye malkia mmoja tu azaaye, kama Jennifer Jarvis alivyotujulisha mwaka 1981. Panya wa ukubwa wake huishi miaka mitatu au minne. Fuko huyu hupita 30. Saratani kwake ni nadra mno. Na mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake, waliokuwa wameweka kumbukumbu za maelfu ya fuko kwa miongo kadhaa, walieleza kwamba kanuni ya Gompertz haimshiki: hatari yake ya kufa haipandi kwa kadiri umri unavyoongezeka. Hufa, naam, ila si kwa kuzeeka kama tuzeekavyo sisi.

Wanyama hawa wameanza na mlinzi kisha wakaongeza miaka, na nadhani hiyo ndiyo njia ya kufuatwa. Huko Madrid, mwaka 2008, María Blasco na wenzake waliwapa panya telomerasi ya ziada baada ya kuwatilia kwanza jeni za ziada za kuzuia saratani, na panya hao waliishi kwa muda mrefu zaidi wakiwa na afya. Huko Rochester, Marekani, Vera Gorbunova na Andrei Seluanov waligundua mwaka 2013 kwamba fuko hutengeneza kwa wingi ute mzito uitwao hyaluronani, unaozizuia chembe zisisongamane na kuasi. Na mwaka 2023 walitangaza kwamba wameihamisha jeni ya ute huo katika panya wa kawaida. Panya wale walipata saratani kidogo kuliko wenzao, matumbo yao yakawa na uvimbeuchungu mdogo uzeeni, na umri wao wa kati ukaongezeka kwa asilimia 4.4. Kipimo hicho ni kidogo sana kando ya ahadi za umilele zinazotangazwa kila mwezi, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kuaminiwa, kwa kuwa kilipatikana kwa jeni moja tu ya mnyama mmoja, pasipo kumnyamazisha mlinzi hata mmoja wa chembe. Na fuko, ambaye kwa wengi wa wakulima wa Ukambani na mipakani mwa Somalia ni mharibifu wa viazi tu, anazo hila nyingine ambazo hazijahamishwa kwa panya bado.